Unayeuliza chachu, uliza nanasi kwanza

Chupa za mwisho za divai yangu ya nanasi ya msimu huu zimetoka Kadutu, hapa Bukavu, wiki iliyopita, zikaenda harusini Nyawera. Tangu hapo simu haitulii. Katika ujumbe wote, ule wa kijana mmoja wa Uvira ndio umenifanya niandike: "Yaya, unatumia chachu gani? Nataka yangu nayo iwe safi kama yako."

Mdogo wangu, chachu nitakuambia. Ila divai yangu huamuliwa pale ufukweni asubuhi, mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi inaposhusha mananasi.

Ndizi ukiikata mbichi, wanga wake unageuka sukari baadaye. Ndiyo maana watu wa kasiksi, pombe ya ndizi, huzifukia shimoni wakangoja. Nanasi halina akiba hiyo. Likishakatwa, ganda litazidi kuwa njano, lakini utamu hauongezeki. Zabibu nazo ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu wakulima wa zabibu wa Bordeaux, Ufaransa, hukosa usingizi wakitafuta siku ya kuvuna. Sisi tusiolima tunaitafuta siku hiyo ndani ya kitunga cha mtu mwingine.

Muuzaji akikupa kipande uonje, tazama amekikata wapi. Nanasi huanza kuivia chini, upande wa kikonyo, na huko ndiko kwenye utamu mwingi. Mimi naomba cha juu, karibu na taji la majani. Kikinikunja uso, naliacha, hata kama bei inavutia. Kina mama wengine walininunia kwa hilo. Mmoja sasa ananitengea pembeni kabisa: "Mama, haya yako, nimeshaonja juu."

Msimu huu majaribu yalikuwa makubwa. Benki za mji zilifunga milango Februari 2025, pesa taslimu ikawa shida, na mananasi yaliyonyeshewa yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Niliyapita. Wanaoyanunua hutegemea sukari ya kuongeza. Sukari, gramu 17 kwa kila lita, itakupa takriban asilimia 1 ya pombe, basi. Harufu haitaleta. Harufu hutoka shambani.

Nitasema na hili, maana bado linaniuma. Mwenye duka mmoja hapa mjini aliwahi kuonja divai yangu, akaniambia mbele ya wateja wake: "Hii ni kasiksi iliyofungwa kizibo." Kwanza, kasiksi si tusi. Ni ndizi, unga wa mtama uliokaangwa na akili ya mama zetu. Pili, hakuuliza hata tunda limetoka wapi. Alitazama karatasi ya chupa, akaona haitoki ng'ambo, akamaliza. Harusini Nyawera, wageni waliomba chupa ya pili kabla ya wali kufika mezani. Vijana wenzangu mnaotengeneza vitu hapa Bukavu, Goma, Uvira, msingoje mtu wa namna hiyo awape ruhusa. Chagueni tunda zuri, fanyeni kazi safi, na mtaje mlikolitoa bila kuona haya.

Kumenya ni kazi ya kuchosha, siirefushi. Vaeni tu glavu. Nanasi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokula protini, na ngozi ya vidole ni protini. Jioni ya kwanza binti zangu walishindwa kushika chumvi, vidole vimekuwa vyekundu na laini kama vimechunwa. Kipande chenye jeraha linalonukia siki, hata dogo, kiondoe. Bakteria wa siki hawahitaji mlango mkubwa.

Sasa chachu yako. Tumia ya divai, ya pakiti, si ya mkate. Ya mkate huacha harufu yake na mara nyingi huchoka mapema. Lakini Uvira si Bukavu. Sisi tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na baridi hutusaidia. Ninyi mko chini, kando ya Ziwa Tanganyika, na joto huifukuza harufu ya nanasi uliyoitafuta kwa shida. Weka bidoni lako la divai ndani ya beseni la maji, lizungushie kitambaa kilicholowa, ubadilishe maji asubuhi na jioni. Nanasi lenyewe, onja juu.