Sisi hatuuzi jamani

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, "ushawahi kuanza hobi mpya na marafiki, na iliishia wapi?" Mi nipo hapa Moshi, Soweto, nina steshenari ndogo, na yetu ya batiki bado haijaishia ila nusura ife kwa sababu moja tu, watu kutuuliza mnauza bei gani.

Tupo wanne, tulijuana kwenye kikoba. Mmoja nesi, mmoja mwalimu wa msingi, mmoja fundi cherehani na mimi. Tulianza na kroshia ikaenda wiki mbili, nesi akawa anasinzia na sindano mkononi maana anatoka zamu ya usiku. Tukapanda maporomoko ya Materuni, mandhari sina neno, ila kesho yake ngazi za dukani nilishuka kinyumenyume. Afu ndo fundi akaleta wazo la batiki, akasema alifundishwa zamani kidogo. Hiyo kidogo tulikuja kuiona baadae.

Tukachanga elfu kumi kumi, tukanunua rangi, kostiki na haidrosi (hizo ni dawa za kufanya rangi ishike kitambaa), glavu na mishumaa ya kuyeyusha. Mihuri tulichonga wenyewe kwa wembe kwenye sponji la godoro bovu, mi nilichonga ng'ombe, wenzangu mpaka leo wanasema ni mbuzi. Unachovya sponji kwenye nta ya moto, unagandamiza kwenye kitambaa, pale penye nta rangi haiingii. Kwenye kostiki nesi alitukomalia kama tuko wodini: maji kwanza kwenye ndoo ndo unatia kostiki kidogo kidogo, ukigeuza ukaimwagia maji juu itakurukia usoni, na usithubutu sufuria ya alumini maana inailaga. Nikashika ile ndoo ya plastiki kwa nje, ya moto kabisa na jiko hakuna! Kitambaa nacho kikitoka kwenye beseni kinakuwa na rangi ya ajabu ajabu siyo ile uliyonunua, unakiacha kipigwe na hewa, taratibu kinaanza kugeuka huku mnakiangalia. Hapo hata mwalimu ambaye huwa hanyamazi alinyamaza.

Sasa kazi yetu ya kwanza ilikuwa shuka ya mtumba, nyeupe, nzito, tukaijaza mihuri kutwa nzima. Tulivyoichemsha kutoa nta na rangi nayo ikaondoka, ikabaki kama maji ya maharage. Tulilaumiana sana, mara haidrosi ilikuwa ndogo, mara nani alikoroga, kumbe shuka yenyewe haikuwa pamba. Fundi ndo akachomoa uzi akauwasha, ukayeyuka ukawa kidonge cheusi. Pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu. Nikamuuliza dada, hiki kitu ulikuwa unakijua toka asubuhi? Kimya. Saivi tukienda soko la mitumba la Memorial tunatembea na kiberiti, tunaomba uzi mmoja tu, kuna muuzaji akituona anasema hao wachoma nguo wamekuja.

Tukawa tunajuajua, na mwezi wa saba kile kibaridi cha Moshi nta inakauka haraka inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa, unapata mishipa mizuri mpaka raha. Ndo balaa likaanza. Kaka yangu kaja, hii shilingi ngapi? Jirani, mna mzigo mwingine? Mtu anakushauri usajili biashara hata hujanawa mikono. Yani kwetu mtu mzima akishika kitu kwa mikono yake kisiingize hela anaonekana anachezea muda, mwanaume akicheza drafti mpaka saa mbili usiku hamna anayemuuliza faida.

Tukaingia tamaa. Dada mmoja akatupa oda ya sare za kichen pati, vitambaa kumi na mbili, rangi moja, na advansi juu. Jamani kitambaa cha kwanza kinakunywa rangi, cha pili kinakuta pungufu, cha tano kimepauka, ukiongeza rangi kwa kukisia ndo umeharibu kabisa. Jumamosi mbili hakuna aliyecheka. Mwalimu akaanza kuandika nani kachelewa, nesi akaondoka hajaaga, mi nikawa nahesabu glavu. Tulirudisha advansi na kumwomba radhi yule dada (alielewa, ila najua alitusema). Wiki tatu grupu la wasap likawa na salamu za asubuhi tu.

Aliyeturudisha ni fundi, alipika mtori akatuita, hakutaja batiki, ila nta tuliikuta imeshayeyuka jikoni. Tukakubaliana hatuuzi, ukipenda chako beba nyumbani, ukiboronga funikia redio. Mi naona kama una shida ya hela fungua genge, marafiki waache, kwetu sisi hela ilivyoingia tu nikaanza kumwona nesi kama kibarua mvivu, na huyu mtu ndo alikesha na mimi nilivyojifungua.

Basi juzi mama mkwe akakipenda kimoja cha bluu chenye wale ng'ombe wangu, akauliza ni bei gani. Nikamwambia mama hatuuzi, chukua tu. Akanishukuru sana, akakikunja vizuri akakitia kwenye mkoba. Jumapili nimeenda kwake Marangu nimekikuta kimefunika ndoo ya mbege, na akamwambia mgeni aliyekuwepo eti mkwe wangu anachora mbuzi.