Kabla hamjachora ramani ya chuo

Ukiingia getini kwetu, kitu cha kwanza kukutana nacho ni boma la ukumbi. Limeishia kwenye linta, yaani zege la juu ya milango na madirisha, na ndani yake imeota mipapai. Nilikuwa kwenye kamati iliyolianzisha, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu mwingine. Ni chuo cha maendeleo ya wananchi, jina naliacha. Nimekumbuka boma hilo kwa sababu juzi mwalimu mwenzangu wa mkoa jirani alinipigia, anataka nimsaidie kuandika mpango mkakati wa miaka mitano. Nikamuuliza mmefikia wapi. Akanitumia ramani.

Na sisi tulianza na ramani.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Uswidi, na Waswidi wenyewe wakasaidia kwa fedha. Vingi vilirithi majengo ya vituo vya kufundishia wakulima. Bweni letu la zamani lilikuwa la watu wa kozi fupi: unalala, unaondoka, kabati la nini? Miaka ikapita, bati zikatoboka, wanachuo wakapungua. Vyuo vilipohamishwa kutoka Maendeleo ya Jamii kwenda Wizara ya Elimu, tukasikia kuna fedha za ukarabati, na kila mmoja wetu akawa na jengo lake kichwani.

Tukakaa kikao siku tatu. Dira peke yake ilikula asubuhi nzima, tukibishana kama chuo kiwe "bora" au "mahiri". Hakuna aliyeuliza kwa nini daftari la mahudhurio linakuwa limejaa Januari, na ikifika Juni limebaki na mistari mitupu.

Aliyekuwa na jibu ni matroni, na alikuja kikaoni kuleta chai. Mtu akamtania kuhusu mabinti wanaotoroka. Akaweka birika chini, akaenda kuleta daftari la kurasa mia limekunjwa pembe. Kila aliyeondoka ameandikwa, na sababu yake. Ada. Mtoto anaumwa. Ada. Bibi aliyekuwa anabaki na mtoto amefariki. Mtoto. Mtoto.

"Mama, hili daftari unalo tangu lini?"

"Ninalo siku zote, mwalimu. Hamjaniuliza."

Kumbuka kwamba kabla ya Novemba 2021 msichana aliyepata ujauzito alikuwa harudi shule ya serikali. Wengi walikuja kwetu kwenye ushonaji na mapishi wakiwa na mtoto mgongoni, na sisi tulikuwa tunapanga ukumbi wa mahafali.

Tulipokuja kuzinduka, ukumbi ulikuwa umeshafika kwenye linta, fedha zimekata. Kwa kilichobaki tukageuza stoo mbili za zamani kuwa chekechea. Wanachuo wa uashi walipiga plasta na kusakafia kama sehemu ya mazoezi yao, wa useremala wakatengeneza viti vya kimo cha mtoto. Ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote tulizofanya, na ndiyo iliyobakiza watu darasani.

Ukiacha hilo, kuna umeme. Karakana yetu ya uchomeleaji ilipata bati jipya, rangi na mashine mpya kabisa. Siku ya kuziwasha ndipo fundi akatuonyesha kwamba laini inayoingia ni ya fezi moja, na mashine zinataka fezi tatu. Zikarudi kwenye maboksi msimu mzima wa mvua. Ombi la umeme lipelekwe TANESCO kabla hujamwita fundi rangi, na gharama ya kuvuta laini iwe ndani ya bajeti, usiiweke kwenye "mengineyo".

Kama mnajenga kwa force akaunti, yaani chuo chenyewe kinanunua vifaa na kuajiri mafundi badala ya kumpa mkandarasi, kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi ziwe na watu tofauti kweli. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayehesabu mifuko ikishuka kwenye gari. Sitaeleza zaidi, aliyewahi kusimamia ujenzi ameshanielewa. Mipaka ya kiwanja nayo ipimeni mapema, kabla jirani hajavuna mahindi yake mara ya tatu ndani ya eneo lenu.

Yule mwenzangu nimemrudishia ramani yake, nikamwambia anitafutie orodha ya walioacha chuo mwaka jana na sababu zao. Kanyamaza kidogo, kisha akasema atamuuliza matroni.