Hela ya droo, wadogo zangu

Juzi binti wa fremu ya jirani, hapa Kariakoo, aliuza madera 14 kabla ya adhuhuri. Akachomoa hela ya msusi kwenye droo, akachomoa na ya mchango wa harusi, akaniambia kwa furaha, "Dada, leo nimeingiza laki mbili na themanini!" Nilimpongeza, maana kuuza anajua kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Ila usiku sikupata usingizi.

1. Mauzo si faida. Mwaka 2019 nilileta abaya 200 kutoka Guangzhou kwa meli, zikafika Ramadhani inaanza. Kila moja mpaka dukani ilinigharimu 28,000, nikauza 45,000. Mkesha wa Idi zilikuwa zimetoka 170. Simu ilisoma milioni saba na ushee, nami nikajiona tajiri. Nikalipa kilemba cha milioni tatu, ile hela ya kuachiwa fremu, nipate inayotazama barabara. Laki sita zikaenda kwenye sare na mchango, laki tano nyumbani. Kumbe faida yote ilikuwa 2,890,000, tena kabla sijatoa kodi, hela ya msaidizi, bodaboda na makato ya kutoa. Nilikuwa nimekula mtaji na sijui.

Baada ya Idi soko likalala. Mzigo mpya unataka hela, hela hakuna. Nikaenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, milioni moja na nusu, marejesho kila wiki. Dhamana nikaandika friji la mama. Sikumwambia. Wiki ya tano nilipokwama, vijana wawili walikuja nyumbani Mbagala asubuhi na guta. Mama aliwaomba dakika moja atoe samaki wake. Akasimama mlangoni na sufuria la samaki wa barafu, maji yanamchuruzikia kwenye kanga, anatazama friji linavyopita. Hakuniuliza kitu. Nimeshamnunulia lingine, kubwa kuliko lile, lakini mpaka leo akilifungua mimi nageuza uso.

2. Kwa hiyo kila jioni, kabla hata ya kununua chipsi, toa gharama ya mzigo uliouza siku hiyo uiweke kwenye laini nyingine. Lipa namba ya duka isiwe laini unayomtumia shangazi hela ya dawa. Wewe jilipe mshahara, hata kama ni elfu tano kwa siku.

3. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure pale TRA. Kishoka akikwambia anakusaidia kwa elfu hamsini, mwache apite.

4. Andikeni bei kwenye picha! "Njoo inbox" inafukuza wateja.

5. Mzigo wa meli unalipiwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, basi mwambie wakala akutumie picha ya maboksi yanavyopimwa. Na mwaka mpya wa Kichina viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, Januari au Februari, kwa hiyo mwenye kutaka mzigo wa Ramadhani aagize mapema. Kuna mdogo wangu mmoja aligoma kunisikia, viatu vyake vikaingia bandarini Idi Pili. Tulikaa naye juu ya yale maboksi, yeye analia, mimi nammenyea chungwa. Alivimaliza mwezi wa nane, jozi mojamoja, kwa kuwafuata wateja maofisini. Huyo namheshimu sana.

6. Kabla ya kausha damu, pita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kwa kawaida ni ya vikundi na ina mlolongo, najua mnachukia vikao. Kaeni vikaoni.

Na wewe wa madera, leo tukifunga njoo na daftari lako na risiti za mzigo. Tuzipige hesabu dera moja baada ya jingine, chai ya tangawizi nitakuja nayo mimi.