Betri hazili ardhi kubwa, ila msipime athari kwa ekari

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kijiji chenu kuhangaika na makontena ya betri za kuhifadhi umeme yanayotaka kuwekwa jirani na kituo cha kupoza umeme, maana eneo lenyewe ni ekari 15 tu na washauri wa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii wanakuja wiki ijayo. Haja ipo, tena kubwa. Nimefanya kazi ya kukusanya maoni ya wananchi kwenye tathmini za miradi ya umeme, na miradi ya eneo dogo ndiyo niliyoona ikipitishwa juu juu kuliko yote. Wachache wanalipwa fidia, karatasi ya mahudhurio inasainiwa, kazi imekwisha. Inaniuma hadi leo.

Anzeni na moto. Januari 16, 2025, kituo cha betri cha megawati 300 kule Moss Landing, California, kiliwaka. Watu zaidi ya 1,000 wakahamishwa, barabara kuu ikafungwa, na mwezi uliofuata moto ukafufuka palepale. Watafiti wa San José State University wakakuta nikeli, manganizi na kobalti zimeongezeka kwenye udongo wa kinamasi cha jirani. Betri zile zilikuwa za nikeli na kobalti, zimepangwa ndani ya jengo la zamani. Miradi mingi ya sasa inatumia betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, zinazostahimili joto zaidi, tena nje kwenye makontena yaliyoachana. Kwa hiyo waulizeni: zenu ni za aina gani, na kontena hadi kontena ni mita ngapi? Zikiwaka, moshi utaelekea shuleni au porini? Gari la zimamoto litatoka wapi? Mara nyingi askari wa zimamoto huliacha kontena liungue huku wakiyamwagia maji makontena ya jirani. Maji hayo yatatiririkia wapi? Kama ni kwenye lambo la mifugo, iandikwe kwenye ripoti.

Halafu watu. Kijiji kimoja tulibandika ramani yenye kipande cheupe kilichoandikwa "eneo wazi". Mama mmoja akasogea, akaweka kidole: "Hapa ndipo tunapopita kwenda kisimani, na mlenda tunachuma hapahapa." Hakuwa na shamba pale, kwa hiyo hakuwamo kwenye orodha yoyote. Mkutano ukiitwa asubuhi, wenye mashamba ndio wanaofika. Daini kikao cha akina mama peke yao, saa wanayoiweza wao, na kiwe na muhtasari wake. Wachungaji wafuatwe machungani.

Ajira msizitegemee sana: vibarua ni wakati wa ujenzi, baadaye wanabaki walinzi na mafundi wachache. Feni za kupooza zinavuma hata usiku, hivyo kelele zipimwe usiku, kwenye nyumba ya karibu kabisa.

Nguvu mnayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia au kukataa. Ekari 15, yaani kama hekta 6, ziko ndani kabisa ya mamlaka yenu.

Mpango wa dharura usomwe kwa Kiswahili mkutanoni kabla hamjapiga kura: nani anatoa taarifa, watu wanakimbilia wapi, nani analipa kisima kikichafuka, nani anaziondoa betri zikichoka. Wakisema utaandaliwa baada ya kibali, msiridhie mpaka wauandae.