Kamusi inasema "big", "large" na "great" ni kitu kimoja, sasa unachaguaje?

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi inakupa haya maneno kama mapacha alafu ukiandika unaambiwa hapo siyo. Nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe kwenye kazi ya kutafsiri na kuhariri.

Mimi maana siianzi nayo, naangalia kwanza neno huwa linakaa na nani. Wanasema "a big mistake", "a large number", "a great deal", ukubwa upo kote ila jaribu kuandika "a large mistake" uone, msomaji anaelewa lakini anasita. Mvua kubwa ni "heavy rain", chai iliyokolea ni "strong tea", hakuna anayesema "powerful tea" ila kompyuta ni "powerful" kabisa. Usitafute kanuni hapo, ni mazoea ya wenye lugha, ndo maana nashauri ukariri maneno mawili mawili yakiwa yameshikana. Na kuna mengine yana tabia zao, mfano "cause" mara nyingi inaandamana na mabaya, "cause damage", "cause problems", kwahiyo kama unaongelea matokeo mazuri bora "lead to" au "bring about", hii watu wengi hawaambiwi kabisa na inauma kwa kweli.

Kingine ni uzito. Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, waliiteka Uingereza 1066 wakaja na Kifaransa chao, kikawa cha watawala na mahakama huku raia wakiendelea na Kiingereza, ndo tukapata "begin" na "commence", "buy" na "purchase". La kwanza ni la maongezi, la pili linafaa mkataba au barua ya ofisini.

Sarufi nayo iangalie, "tell" kwa kawaida inataka mtu anayeambiwa, "tell me", wakati "say" haimhitaji.

Kamusi ya visawe kama ile ya Roget ya 1852 itumie kukumbuka maneno tu, usichukue neno humo ukalibandika moja kwa moja. Lipeleke kwenye kamusi ya wanaojifunza Kiingereza usome sentensi za mfano, au nenda British National Corpus, mkusanyiko wa maandishi na maongezi halisi ya Kiingereza wenye maneno kama milioni 100, andika humo fungu zima la maneno uone wametumiaje.

Ila "historic" na "historical" usiyaweke kundi hili, la kwanza ni tukio lenye uzito kwenye historia, la pili ni chochote kinachohusu historia, hapo maana yenyewe ndo inaamua.