Jibu kwa anayekuja Mtwara na familia: mle wapi

Mkuu, umesema mko watano, bajeti elfu tano kwa kichwa, mama ana kisukari, dada yako hali nyama wala samaki, na kuna mtoto wa miaka mitatu. Hela hiyo inatosha na chenji inabaki, ila mpite mbali na sehemu zenye menyu ya plastiki. Mwaka jana nilimpeleka mama mkwe sehemu moja ya hivyo, akaomba wali nusu na mboga nyingi. Mhudumu akajibu, "Mama, sahani ni sahani." Tukalipa nzima, wali ukabaki.

Nendeni kwa mama lishe wa karibu na feri, pale mashua za Msangamkuu zinapopakia watu. Mimi nina wangu. Ukimwamkia anaanza kufunua masufuria moja moja: wali wa nazi, sembe, ugali wa makopa (muhogo mkavu huo, mweusi kidogo na unavutika, usiogope rangi), maharage, kisamvu, changu wa mchuzi. Unanyoosha kidole tu. Ukisema "wali kidogo, mboga jaza", anajaza, wala hakuulizi una ugonjwa gani. Mtoto anapewa kisahani chake cha wali na mchuzi, mara nyingi bure. Mara ya mwisho wali samaki nililipa 3,000, wali maharage 1,500.

Kwa dada yako kuna mtego. Asiulize "kuna nyama?" Ataambiwa hamna, na ni kweli, kumbe kisamvu kimetiwa dagaa. Huku dagaa si nyama! Aulize, "Umeunga na nini?" Akisikia nazi au karanga tupu, ale. Na aombe upawa mwingine, maana ule mmoja unazunguka masufuria yote.

Fikeni saa sita na nusu. Saa nane samaki wamebaki vichwa (mimi ndivyo navyovipenda, lakini si kila mtu). Mkija Ramadhani, mchana wengi hawapiki. Subirini magharibi, futari ya mihogo na magimbi ya nazi iko tele.

Njiani mtauziwa ming'oko, vile viazi pori vyembamba vya kuchemsha. Mnunulieni mtoto, ila semeni mapema asitiwe pilipili, wauzaji huinyunyiza kabla hujafungua mdomo.