Kabla Hujalaumu Wino, Kagua Vibano vya Pleti

Juni 2009 tuliharibu rimu 11 za karatasi kwa usiku mmoja, hapa hapa Tabora, kwenye chumba chetu cha uchapaji karibu na njia ya stesheni. Kazi ilikuwa vitabu vya stakabadhi vya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Masoko yalikuwa yameshafunguliwa, makarani wanasubiri vitabu, na kila stakabadhi ilitakiwa iwe na kichwa cha chama, jedwali la uzito na daraja, na namba nyekundu juu kulia. Saa nne usiku umeme ulirudi, tukawasha mashine, tukachapa mpaka alfajiri. Kulipopambazuka nikachukua karatasi ya kwanza na ya mwisho, nikazipandanisha, nikaziinua dirishani. Kichwa cha chama kilikuwa kimeshuka karibu milimita 3, tena kimekaa mshazari. Mstari wa juu wa jedwali ulipita katikati ya namba.

Nilianza kulaumu karatasi. Nikaja kulaumu mikono ya mashine inayokamata karatasi, nikaanza hata kuifungua. Saa mbili asubuhi akaingia mzee aliyenifundisha kazi, mtu aliyejifunza uchapaji kwenye Tanganyika Mission Press pale Kipalapala enzi herufi zinapangwa moja moja kwa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sakafu imejaa karatasi?"

Nilipomweleza hakuuliza kitu kingine. Alitoa fremu inayobeba pleti kwenye mashine, akailaza mezani, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa pleti, lile bamba lenye maandishi yanayochapwa, na kuisukuma. Pleti ikasogea. Vibano vya kuishika vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa kimeshika hewa tupu.

Tangu siku hiyo nimeona tatizo hilo likijirudia kwenye vyumba vingi vya wenzangu, na kila mara mtu anatafuta kosa mbali. Anabadili wino, ananunua karatasi ya bei, anamfukuza kijana wa mashine. Kibano chenyewe, kile kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole, hakiguswi. Kwa hiyo nitaeleza kinavyofanya kazi, maana ukishakielewa hutahitaji kunikumbuka mimi kila unapokaza.

Mashine ninayoizungumzia ni ile Heidelberg ya zamani yenye mikono miwili inayozunguka. Wengi bado tunaitumia kwa kupiga namba na kutoboa mstari wa kuchania hata kama kazi nyingine zote tumezihamishia kwenye ofseti, mashine ambayo pleti yake huhamishia wino kwenye blanketi la mpira, nalo ndilo linalochapa karatasi. Kitanda cha mashine hii, yaani ule uso wa chuma unaobeba fremu, kimesimama wima. Hakikulala kama meza. Maana yake pleti inaning'inia, uzito wake unaivuta chini muda wote, na mashine ikijifunga na kujifungua mara elfu kadhaa kwa saa, kila pigo ni mtikisiko. Kitu kilichosimama wima na kutikiswa usiku kucha hakikai mahali pake kwa bahati.

Pleti zetu zilikuwa za chuma, zenye unene wa milimita 3.9 hivi, na kingo zake zimechongwa mshazari pande zote. Zinakaa juu ya beisi, bamba zito la chuma lenye mifereji. Ndani ya mifereji ndimo vinamokaa vibano. Kila kibano kina mwili unaojifunga kwenye mfereji, skrubu iliyojificha ndani, na mdomo mdogo unaosogea mbele au nyuma unapozungusha skrubu kwa ufunguo. Mdomo ukisogea mbele unapanda juu ya ule ukingo wa mshazari, na kwa sababu ukingo umeinama, msukumo wa mbele unageuka pia kuwa msukumo wa chini. Pleti inabanwa kwa ubavu na wakati huohuo inalazwa kwenye beisi. Ndiyo maana ukingo uliochakaa au uliochongwa wima haushikiki hata ukaze namna gani: mdomo unasukuma ubavu tu, hakuna kinachoivuta pleti chini.

Mdomo huo lazima uwe chini ya uso unaochapa. Ukiwa juu, utagusa rola na kuzichana, au utachapa alama nyeusi pembeni ambayo utaihangaikia siku nzima. Kabla ya kukaza, pitisha rula ya chuma juu ya pleti. Ikikwama kwenye mdomo wa kibano, simama hapo hapo.

Sasa kukaza kwenyewe. Umewahi kumwangalia fundi wa lori akifunga nati za tairi? Hakazi moja mpaka mwisho kisha akaenda ya pili. Anagusa hii, anavuka upande wa pili, anarudi, anazunguka tena. Fanya hivyohivyo. Sogeza vibano vyote mpaka viguse ukingo tu, kwa nguvu ya vidole. Hakikisha pleti imekaa kwenye mstari wake. Kisha robo mzunguko kibano cha juu, robo cha chini, robo cha kushoto, robo cha kulia, halafu rudia. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, pleti itasukumwa upande wa pili, na ukija kukaza huko utakuwa unaikunja. Itainuka tumbo katikati. Hutaliona kwa macho, lakini karatasi italisema: katikati wino mzito na chapa imezama, pembeni imefifia. Hapo ndipo watu wanapoongeza wino.

Kuna njia rahisi ya kulikamata hilo tumbo. Gonga pleti kwa ukucha, kutoka kona hadi kona. Ilipolala vizuri inatoa sauti fupi, iliyokufa. Ilipoinuka inalia kama debe. Sikio langu limenisaidia kuliko vipimo vyote nilivyonunua.

Nguvu nyingi si dawa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu vijana wenye mikono mizuri ndio wanaoharibu. Kibano kinatakiwa kushika, hakitakiwi kuvuta. Ukifika mahali unapohitaji kuongeza bomba kwenye ufunguo ili upate nguvu, kuna uchafu chini ya pleti au nyuzi za skrubu zimejaa wino mkavu. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na sisi wachapaji tunatandika karatasi moja tu kurekebisha chapa iliyofifia. Basi fikiria punje ya wino mkavu yenye unene huo huo ikiwa imekaa chini ya pleti. Futa beisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, kisha pitisha kiganja. Kiganja kinahisi punje ambayo jicho halioni. Tabora yetu ukianza mwezi wa saba, vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa, kwa hiyo mimi nafuta beisi kila ninapobadili pleti, hata kama niliifuta saa moja iliyopita. Skrubu nazitia tone moja la mafuta mepesi kwa wiki na kufuta yanayobaki. Mafuta yakipanda juu ya pleti yataonekana kwenye kazi ya mteja.

Lakini kibano kinashika pleti kwenye beisi tu. Beisi yenyewe inashikwa ndani ya fremu kwa vipande vya mbao na kabari za chuma, na hapa ndipo usiku ule wa Juni ulipotuangusha mara ya pili. Mzee alipomaliza kutikisa pleti alitikisa na beisi, nayo ikacheza. Nilikuwa nimepungukiwa vipande vya mbao, nikakata vya msonobari kutoka kwenye kreti. Msonobari ni mbao laini. Unabonyea unapokazwa, na kiangazi unasinyaa. Nilikuwa nimekaza jioni, hewa ina unyevu kidogo. Kufika usiku wa manane, joto la mashine na ukavu wa Juni vilikuwa vimeshausinyaza. Tunaishi kwenye mkoa wa mninga, mbao inayosifiwa kwa kutosinyaa wala kupinda, halafu mimi nakata kreti! Siku iliyofuata nilikwenda kwa seremala, nikaomba vipande vya mninga mkavu vilivyobaki kwenye kazi ya vitanda, akanipigia randa kwa vipimo. Vingi kati ya hivyo ninavyo mpaka leo.

Kabari nazo zina utaratibu wake. Zikaze kwa vidole, kisha weka kipande cha mbao bapa juu ya pleti na ukigonge taratibu kwa nyundo ya mbao ili kila kitu kilale, ndipo ukaze kwa ufunguo. Baada ya hapo inua kona moja ya fremu, uiegemeze juu ya kabari ya akiba, na ubonyeze kila kipande kwa kidole. Kinachoshuka hakijakazwa. Zoezi hili halizidi dakika 1, na ndilo nililoliruka usiku ule kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na niliogopa utakatika tena.

Niseme pia juu ya urefu, kwa sababu unawapoteza wanaonunua vifaa vilivyotumika. Herufi na kila kinachochapa kwenye mashine hizi kinatakiwa kufikia kimo kimoja. Kwa Uingereza na Marekani ni inchi 0.918, yaani milimita 23.3. Kwa Ufaransa na Ujerumani kimo kilichozoeleka ni milimita 23.56. Tofauti ni robo ya milimita tu, lakini kwenye uchapaji hiyo ni karatasi mbili na nusu. Niliwahi kununua vichwa vya kupiga namba vilivyotengenezwa kwa kimo cha pili nikavifunga pamoja na pleti za kimo cha kwanza. Namba zilitoboa karatasi, pleti ikaacha kivuli. Nilikaza vibano mpaka nikachoka, wakati vibano havikuwa na kosa. Kwa pleti ya milimita 3.9, beisi yako iwe na 19.4. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, usiamini maneno ya muuzaji.

Wenye ofseti msidhani mmeponea. Pleti zenu ni alumini nyembamba, nyingi milimita 0.15, na zinafungwa kwenye silinda kwa vibano viwili, cha kichwa na cha mkia. Kabla ya kufunga pleti mpya rudisha skrubu zote za rejista, zile zinazosogeza pleti kuiweka kwenye mstari, kwenye sifuri, la sivyo utarithi mkunjo wa kazi ya jana. Ingiza kichwa sawasawa, kaza, zungusha silinda polepole, kisha kaza mkia kidogo kidogo kwa zamu. Ikiachwa legelege, inapumua kila mzunguko na mwisho inakatika pale ilipokunjwa. Ikivutwa kupita kiasi, inakatika palepale. Nimeshaona pleti imekatika na kuzama kwenye blanketi, na blanketi ni ghali kuliko pleti kumi.

Jambo ambalo sitachoka kulirudia kwa wanafunzi wangu ni ufunguo. Ufunguo wa vibano ukitoka kwenye skrubu uingie mfukoni mwako. Usiuache kwenye fremu hata kwa sekunde moja. Mashine ikijifunga na ufunguo uko ndani, utavunja mikono yake, utachubua kitanda, na kipande kinaweza kuruka usoni kwa mtu. Kwa sababu hiyo hiyo, usiwashe umeme kabla hujazungusha mashine kwa mkono mzunguko mzima, ukiangalia mikono inavyopita mbele ya pleti bila kugusa kibano chochote. Na kama kibano kimelegea kazini, zima, subiri gurudumu lisimame kabisa, ndipo uingize mkono. Ninawafahamu watu wenye vidole pungufu. Hakuna kazi ya mteja inayolingana na kidole.

Kwenye kazi ndefu mimi husimamisha mashine baada ya karatasi 50 za kwanza, natoa fremu na kujaribu kila kibano kwa ufunguo. Mara nyingi kimoja au viwili vinakubali kidogo tena, maana chuma kimeshakaa baada ya mtikisiko. Kisha naangalia tena kila karatasi 1,000, na kila mara napandanisha karatasi ya sasa na ya kwanza kwenye mwanga. Vile vitabu vya tumbaku tulivirudia kwa gharama yetu, kwa utaratibu huo, na vilipelekwa vikiwa vimechelewa siku 4. Katibu wa chama alivipokea akiwa amenuna, lakini msimu uliofuata alirudi.

Kama unatafuta vibano vilivyotumika, nenda na pleti yako mwenyewe na taa ndogo. Laza rula ya chuma juu ya beisi na umulike nyuma yake. Ukiona mwanga unapenya katikati, beisi imebonyea, iache. Zungusha kila skrubu kutoka mwanzo hadi mwisho, isikwame wala isiruke. Angalia ndani ya mdomo: ukiwa umelika na kuwa mviringo, fundi mzuri wa mashine ya kukerezea anaweza kuuchonga upya. Nimefanyiwa hivyo hapa mjini kwa vibano 6, na vinne bado vinafanya kazi. Nyuzi za skrubu ndani ya mwili wa kibano zikishalika ni habari nyingine. Hicho usikilipie.